Jiwe la Kuzuia Mlango

Njia ya kwenda Nadrani sitaieleza. Anayeitafuta ataiona bila kuelekezwa, na wengine wanaishi humo tangu kuzaliwa bila kulijua jina lake. Nitaandika niliyoyaona tu. Mimi ni mpima vito, nimezeekea katika kazi hiyo, na mpima vito akishaanza kutia chumvi katika maneno yake hana tena sababu ya kushika mizani.

Langoni hawakuniuliza jina wala ninakotoka. Mlinzi alinitazama kifuani, akakuta shati tupu, akanihurumia kama anavyohurumiwa mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Kila mtu wa Nadrani huvaa kito shingoni, hata kama ni chembe ndogo ya kutafutwa kwa vidole. Wakikutana njiani hutazamana vifuani kwanza, kisha usoni ikiwa hawana haraka. Na salamu yao ni moja. Aliyepo huuliza, "Mngali wachache?" na anayefika hujibu, "Tungali wachache."

Mimi niliposalimiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni utani. Nikajibu kwamba kwetu tuko wengi na tunazidi kuzaana. Wanawake wawili waliokuwa karibu walivuta khanga zao, wakaondoka bila kugeuka. Mlinzi aliniambia kwa upole kwamba maneno hayo husemwa na walevi tu.

Nilikuwa nimeitwa na Idara ya Uhaba, ambayo ni ofisi kubwa kuliko zote katika nchi ile. Mkuu wake aliitwa Bwana Ngwali. Nakiri kwamba nilimpenda. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kucha safi, anayemmiminia mgeni kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu, na hilo sasa ndilo linalonitisha zaidi nikimkumbuka.

"Kwenu bei hupatikana vipi?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nikamwambia watu hubishana, muuzaji anapandisha, mnunuzi anashusha, mwisho wanakutana mahali.

"Kelele nyingi," akasema. "Kwetu bei husimamiwa. Njoo uone."

Akanipeleka uwanjani. Mikeka midogo ilikuwa imetandikwa safu, na juu ya kila mkeka kito kimoja. Nyuma ya mkeka walisimama watu katika mstari, juani, kimya. Karani alipita na kibao chake, akawahesabu waliosimama nyuma ya kila kito, akaandika. Idadi ile ndiyo bei ya siku. Kito chenye watu wengi nyuma yake ni ghali, chenye wachache ni rahisi, na kisicho na mtu si kito bali ni jiwe.

Nyuma ya yakuti nyekundu mstari ulizunguka uwanja mzima. Nilipowakaribia niliona kwamba wengi hawakuwa na yakuti shingoni. Walikuwa wasimamaji wa kukodiwa, watu wa familia zilizosimama nyuma ya jiwe hilo tangu enzi za bibi zao, na katika hao hakuna aliyewahi kuligusa. Nilimwuliza mmoja kama hachoki. Alinijibu kwamba yeye analipenda lile jiwe, na kwamba mtu asiyesimama nyuma ya kitu hana kwao.

"Na uhaba?" nilimwuliza Bwana Ngwali. "Jiwe likiwa jingi, si watu watachoka kulisimamia?"

"Ndiyo kazi yetu sisi," akasema. "Wao wanasimama, sisi tunapunguza."

Nililiona hilo la kupunguza katika Siku ya Kutwanga. Mwaka ule machimbo yalikuwa yametoa zumaridi kupita kiasi kilichoruhusiwa, basi ziada yote ililetwa kwa makapu, na wanawake wa mji wakaja na vinu na michi kutoka nyumbani. Waliimba, wakatwanga zumaridi mpaka ikawa unga. Vumbi la kijani lilitua kwenye sahani za pilau na kwenye kope za watoto. Karibu nami alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa akitwanga huku machozi yanamtoka. Nikamwuliza kama anaona uchungu.

"Naona, kwa nini nisione? Haya mengine mume wangu ndiye aliyeyachimba," akasema. "Lakini nisipoyatwanga haya, hiki changu cha shingoni kitakufa."

Nilikitazama cha shingoni. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama. Alikuwa ametwanga kapu zima ili kukiponya.

Ugonjwa huo haukuishia kwenye mawe. Visima viwili kati ya vitatu vya mji vilikuwa vimefukiwa ili maji yaheshimiwe. Hata sifa walizibana. Baba wa Nadrani humsifu mwanawe mara moja katika maisha yake, mbele ya mashahidi, na mtoto huitunza siku ile kama urithi. Anayesifu ovyo huonekana mpumbavu anayemwaga mali yake barabarani.

Siku niliyoanza kazi rasmi katika ofisi ya Bwana Ngwali nilijikwaa kwenye jiwe la kahawia, saizi ya ngumi, lililowekwa sakafuni kuzuia mlango usijifunge. Niliinama kulisogeza. Nuru ya dirishani ikalipiga upande, nikaona wekundu ndani yake. Nikaligeuza, wekundu ukaondoka, ukaja ukijani wa maji ya kina. Nilitoa kioo changu cha kukuzia, nikaketi palepale sakafuni mzee mzima. Nimeshika mawe maisha yangu yote, na lile sikuwahi kuliona wala kulisikia.

"Hili ni nini?" nikauliza.

"Hilo? La mlango," akasema Bwana Ngwali.

"Lipo jingine?"

"Tulitafuta zamani. Halipo. Ni hilo tu."

"Basi ndilo la thamani kuliko yote mliyo nayo."

Akatabasamu, kama mtu anayemvumilia mgeni. "Thamani kwa nani? Tuliliweka mkekani asubuhi mpaka jioni, hakusimama mtu. Ni la kahawia, mzee wangu. Nani anataka kahawia? Lakini hapo lilipo linatusaidia, maana ule mlango ukiachiwa hujifunga wenyewe."

Nilikuwa bado nimeketi chini na jiwe mkononi pale mwanamke alipoingia kwa mlango ule. Jina lake Sikudhani. Miguu yake ilikuwa na tope jeupe la machimboni mpaka magotini, na shingoni alikuwa na kiwingu kidogo.

Hapa lazima nieleze kiwingu ni nini, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatokana nacho. Ni jiwe la samawati iliyofifia lenye ukungu ndani yake, na ndilo jiwe la watu wa kati wa Nadrani: mafundi, vinyozi, wachimbaji, wauza mboga. Maskini hawakipati na matajiri hawakitaki. Ni kwa kiwingu huolea wake zao, hujengea, hutibiwa, na huzikwa. Mtu wa mtaani aliyefanya kazi miaka yote huishia na viwingu viwili vitatu kwenye kifuko, na hiyo ndiyo akiba yake.

"Bwana Mkuu," Sikudhani akasema, "mume wangu anagonga."

Bwana Ngwali alisimama, akamvutia kiti. Yeye alikwisha kujua. Usiku uliotangulia shimo la kaskazini lilikuwa limeporomoka. Wachimbaji wawili walikuwa ndani. Mmoja alitoka, na mkononi alikuwa na bonge la kiwingu lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Alisema kwamba ukuta wa nyuma ulipobomoka waliona kiwingu kitupu, sakafu mpaka dari, kinaendelea gizani hadi taa isipofika. Mwenzake, Shineni, alibaki upande ule wa pili wa kifusi.

"Yu hai," akasema Sikudhani. "Nimelaza sikio chini. Anagonga mara mbili, anapumzika, anagonga tena. Ndivyo anavyobisha hodi nyumbani. Mtu hawezi kufundishwa kugonga vile."

"Pole, mama," akasema Bwana Ngwali, na nadhani alimaanisha. "Lakini unaelewa ninachoombwa. Tukiondoa kile kifusi tutakuwa tumefungua mlango wa kiwingu chote. Mji mzima utalala na mali na kuamka na kokoto. Wewe mwenyewe una kiwingu shingoni. Sheria inasema shimo lililozidi lifungwe."

Sikudhani aliukata kwa meno uzi wa kiwingu chake, akakiweka mezani. "Sasa sina."

Bwana Ngwali hakukigusa.

"Sheria nyingine inasema," mwanamke akaendelea, "kitu chochote kinaweza kuwekwa mkekani. Chochote. Na penye mgongano, chenye watu wengi nyuma yake ndicho kinachotangulia. Namtaka mume wangu awekwe mkekani."

Ilikuwa sheria ya zamani ambayo haijawahi kutumika kwa mtu. Bwana Ngwali aliita baraza lake, na mimi nikaruhusiwa kusikiliza. Walibishana kwa adabu kubwa. Mzee mmoja wa baraza alisema wachimbaji ni wengi, kwa hiyo mchimbaji mmoja hana uhaba wowote. Mwingine akajibu kwamba wachimbaji ni wengi lakini Shineni ni mmoja. Yule wa kwanza akasema kwa hesabu hiyo kila mtu ni wa pekee, na ikiwa kila mtu ni wa pekee basi upekee nao umezidi, ungepaswa kupunguzwa. Wakacheka kidogo. Kisha wa tatu akatoa hoja iliyowatuliza wote.

"Namjua huyo Shineni," akasema. "Alikuwa mtu wa kusifu ovyo. Kila siku anasifu mchuzi wa mkewe. Anasifu kofia za watu njiani. Alinisifu mimi mwenyewe kwa jinsi ninavyotembea. Maneno yake hayakuwa na bei. Acheni awekwe mkekani. Nani atasimama?"

Na kwa sababu hiyo walikubali.

Asubuhi yake Sikudhani alitandika mkeka uwanjani, karibu na ule wa kiwingu. Aliweka juu yake kofia ya mumewe ya kazini, yenye tundu mbele, akasimama nyuma yake. Sharti lilikuwa wazi: jua likizama, ikiwa waliosimama nyuma ya kofia ni wengi kuliko waliosimama nyuma ya kiwingu, kifusi kitaondolewa. Wakiwa wachache, mdomo wa shimo utazibwa kwa mawe na chokaa.

Nilikwenda kusimama nyuma yake. Karani akaniita pembeni.

"Mgeni haandikwi," akasema. "Ana kivuli, hana hesabu. Lakini ukipenda kusimama, simama."

Nikasimama, hivyo hivyo.

Mpaka asubuhi inakolea tulikuwa sisi wawili, yaani yeye peke yake. Kisha akaja kinyozi wa mtaa wao, Mzee Vuai, rafiki wa Shineni, amebeba kigoda chake cha kazi. Alikiweka chini, akavua kofia, akasimama nyuma yangu.

"Shemeji," akasema, "yule mtu kila nikimaliza kumnyoa hujitazama kwenye kioo akaniambia sijawahi kunyolewa namna hii. Kila mara. Nami najua ni uongo, maana mkono wangu umeshaanza kutetemeka. Lakini nikifunga duka naenda nyumbani nimenyooka."

Baada yake akaja mwuza mboga. Naye alikuwa na neno lake alilowahi kuambiwa na Shineni kuhusu mchicha. Wakaja wawili, wakaja familia. Kila mmoja alikuwa na kisifa chake kidogo cha bure, amekiweka siku zote bila kumwonyesha mtu, kwa aibu ya kuthamini kitu cha bure. Walikuwa na viwingu shingoni, lakini walisimama nyuma ya ile kofia. Jua lilipofika utosini mstari wetu ulikuwa umeupita ule wa kiwingu. Sikudhani hakugeuka nyuma kuhesabu. Nadhani aliogopa. Lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo, kama ya mtu aliyeruhusiwa kupumua.

Bwana Ngwali alitoka ofisini na mwavuli. Hakuonyesha hasira. Alitembea kando ya mstari akiwasalimu watu, "Mngali wachache?" nao wakimjibu. Kisha akasimama mbele, akasema kwa ile sauti yake ya chini iliyowalazimisha watu wote kunyamaza.

"Kabla hamjaamua, tunaye mgeni aliyepima mawe ya nchi nyingi. Ni mtu mkweli. Nami sijui atasema nini. Mzee wetu, tuambie, huko kwenu kiwingu ni bei gani?"

Niliiona nafasi, nikairukia. Nilijiambia kwamba nikiwaeleza ukweli hofu yao itaisha, kwa kuwa hakuna anayezika mtu ili kulinda kokoto.

"Kwetu kiwingu hakina bei," nikasema kwa sauti kubwa. "Kimejaa mtoni. Watoto hukitupia ndege. Nimepita nchi nyingi na sijaona mahali mtu atakupa kikombe cha uji kwa kiwingu. Hakuna kitu mnachokilinda hapa, ndugu zangu. Mtoeni mtu wenu."

Nilijiona nimesema vizuri. Sikudhani aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo sikuielewa.

Bwana Ngwali aliinamisha kichwa. "Ahsante," akasema. "Mmemsikia. Mimi nisingethubutu kuwaambia hilo. Nje ya lango hili, kifuko cha mtu hakimpatii hata uji. Hakuna pa kukimbilia nacho. Thamani ya kiwingu haimo ndani ya kiwingu. Imo katika uchache tunaoushikilia sisi kwa mikono yetu, hapa tu, leo tu. Tukilegeza kidole kimoja, hatutapata hasara. Tutakuwa hatukuwahi kuwa na kitu."

Mwuza mboga alipeleka mkono shingoni, akakishika kiwingu chake, kama mtu anayegundua kwamba mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi usiku kucha. Kisha akatoka kwenye mstari. Alivuka akaenda kusimama nyuma ya mkeka wa kiwingu.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakitazama chini. Waliokuwa familia walishikana mikono wakati wa kuvuka. Niliwaita. Niliwaambia hawakunielewa, kwamba nilichosema kilikuwa na maana nyingine kabisa. Lakini walikuwa wamenielewa barabara, na nadhani ni mimi peke yangu uwanjani ambaye sikuelewa nilichokuwa nimesema.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Mzee Vuai. Alikiinua kigoda chake, akakiweka chini tena.

"Shemeji," akasema, "nina binti anaolewa mwezi ujao."

"Najua, Mzee Vuai," akajibu Sikudhani. "Nenda."

Jua lilipozama karani alikuja kwetu na kibao, akatuhesabu, akaandika mmoja. Usiku haujaingia sawasawa, mdomo wa shimo ulikuwa umezibwa. Walitumia mawe makubwa na chokaa nyingi, unene wa urefu wa mtu. Sikudhani alilaza sikio juu ya ule mfuniko kabla haujakauka. Chokaa ilimwingia kwenye nywele. Alipoinuka sikumwuliza alichosikia, na mpaka leo sijui.

Ningeondoka alfajiri, lakini niliona haya kwenda bila kumpa pole. Nilikuta majirani walewale wamejaa barazani kwake na masufuria ya chakula. Walikuwa wanalia, na sikuona unafiki katika kilio chao. Sikudhani alikaa kwenye jamvi la matanga, na kila aliyeingia yeye alimsalimu kama desturi inavyotaka.

"Mngali wachache?"

"Tungali wachache," waliitikia, na sauti zao zilikuwa ndogo.

Akaingia Mzee Vuai. Akasalimiwa. Hakujibu. Alisimama mlangoni midomo inamcheza, kisha akageuka akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka uwanjani. Ile kofia ilikuwa bado juu ya mkeka, hakuna aliyejishughulisha kuiondoa. Akasimama nyuma yake.

Watu walipoona hivyo waliacha masufuria, wakamfuata. Mtaa mzima ulikwenda. Baadaye ikaja mitaa mingine iliyosikia habari. Waliokuwa nyuma ya kiwingu walihama, wakahama na waliokuwa nyuma ya zumaridi, na alasiri niliona hata wasimamaji wa yakuti wakiacha mstari wa bibi zao. Wakasimulia kwa sauti sifa walizopewa na Shineni. Wengine nadhani walizitunga. Karani aliishiwa nafasi kwenye kibao chake. Hakuna kitu katika historia ya Nadrani kilichowahi kusimamiwa namna ile.

Bwana Ngwali alikuja, akaivua kofia yake mbele ya ile ya mkekani, akatangaza bei. Alisema kwamba mchimbaji wa mtaani sasa ni kitu cha thamani kuliko vyote katika nchi.

Sikudhani alikuwa amefika. Watu walimpisha kwa heshima. Alisimama mbele ya Bwana Ngwali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona tumaini usoni mwake, tumaini kali la kutisha.

"Basi fungua," akasema. "Wamewazidi wa kiwingu. Sheria ni yako. Fungua."

"Mama," akasema Bwana Ngwali, "hawa hawakusimama jana."

"Wamesimama leo. Anaweza kuwa hai bado. Fungua."

"Wamesimama kwa sababu hapatikani." Aliongea naye kwa upole, kama daktari. "Huoni? Jana alikuwa mtu wa kutolewa shimoni na kurudi nyumbani na kikohozi chake. Leo hayupo, na hatakuwepo, ndiyo maana ni ghali. Tukimtoa, bei yake itashuka palepale. Mstari wote huu utakwenda nyumbani. Unataka kumshusha mumeo siku aliyopanda kuliko wote?"

Sikudhani aliugeukia ule umati. "Nani anataka afunguliwe?" akauliza. "Asogee hatua moja tu."

Niliwatazama kwa makini, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yangu. Hawakuondoka. Hawakusogea. Walisimama pale pale nyuma ya kofia, mamia ya watu, machozi yanawatiririka, kila mmoja mkono wake uko kifuani juu ya kiwingu chake. Mzee Vuai alikuwa wa kwanza katika mstari, naye alikuwa amefumba macho.

Mwanamke hakuwalaani. Alipita katikati yao akaenda kwenye ofisi ya Idara. Nilimfuata kwa mbali. Aliinama kizingitini, akalichukua lile jiwe la kahawia, akatoka nalo mikononi. Walinzi walimwona wakamwacha, kwa kuwa lile halikuwa na bei. Nyuma yake mlango ulijifunga wenyewe.

Alikwenda mpaka kwenye mdomo wa shimo, akapiga magoti, akaanza kuugonga mfuniko kwa lile jiwe. Mara mbili, anapumzika. Mara mbili, anapumzika. Lilikuwa jiwe gumu. Chokaa ilikuwa inamomonyoka chini yake kidogo kidogo, punje kwa punje, na jiwe lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Nililiona hilo na nikajua kwamba kwa mtu mmoja kazi ile ingechukua maisha.

Nilitafuta jiwe la kawaida, nikapiga magoti upande wa pili, nikaanza kugonga pia. Kutoka uwanjani tulisikia watu wakiimba jina la Shineni.

Jua lilipokuwa linazama karani alikuja na kibao chake. Alisimama kando, akatutazama kwa muda, na nadhani mkono wake ulisita. Kisha akatuhesabu, akaandika mmoja.